Mkonge Uliomo Ndani ya Kadi

Migori, Jumapili asubuhi

“Kadi yako haina kitu, na pale chini hapajawahi kuwa na mkonge.”

Mama yangu, Nyar Kisegi, hayo ni maneno ya mwanao wa kwanza, Omondi. Alinitupia kwenye simu Jumatano iliyopita, kisha akakata kabla sijafungua mdomo. Nimeyaweka juu kabisa ya barua, mbele ya salamu, ili kila aliyeketi hapo nyumbani ayasikie yakiwa mazima kabla sijayavunja. Simu hukatwa kwa kidole gumba. Anayetaka kuikata barua itambidi ainuke mbele ya watu aichane, na watu wamwone.

Sasa nakusalimu, Mama. Uko salama? Jicho la kushoto linaendeleaje, na daktari alisema nini mara ya mwisho? Unayatia yale matone au umempa tena jirani kwa sababu jicho lake lilikuwa jekundu? Goti nalo? Mimi ni mzima kuanzia kichwani hadi kwenye goti. Chini ya goti kuna plasta, na daktari wa hapa anasema itakaa wiki tatu zaidi. Ningekuwa na miguu miwili ningekuwa nimeketi hapo Rusinga kwenye kigoda chako, na karatasi hii ingebaki dukani.

Wifi yangu Robi, najua ni wewe unayesoma. Macho ya Mama hayapambani tena na herufi, na Kiswahili chako cha Kehancha ni kizuri kuliko Kijaluo chako. Usikasirike, hata Kikuria changu mimi kinatosha kununulia ndizi tu. Ndiyo sababu naandika Kiswahili. Najua pia mumeo Omondi yupo hapo. Nilimtumia ujumbe kwamba barua inakuja, na kwamba asipokuwepo nitajua ameogopa karatasi. Nakuomba jambo moja tu: usiruke mstari, hata ule utakaokuuma. Soma hadi mwisho. Mimi wiki hii nimeadhibiwa vibaya kwa kutosoma hadi mwisho, na nitakueleza.

Mama, kinachogombaniwa unakijua kwa mikono yako. Ulipoolewa, Baba alikukatia shamba lile la chini karibu na ziwa. Kati ya shamba lako na la boma akapanda mstari wa mkonge kutoka kwenye jiwe kubwa hadi majini, akasema juu ni pa watoto wake na chini ni pa mke wake, na mke wake hataomba mboga kwa mtu. Umelima pale tangu sijazaliwa. Mtama niliokula ulitoka pale, kunde pia, na mihogo tuliyoibeba shuleni. Baba alifariki mwaka juzi. Mwezi huu, mara tu mimi nilipovunjika mguu, mkonge ukang'olewa wote na plau ikapita juu ya mstari. Jumanne hii wazee wa ukoo wanakuja na naibu wa chifu na mpimaji kuweka mawe, na Omondi ameshamwahidi mtu mwenye pampu ya maji kwamba atapanda nyanya kuanzia boma hadi ziwani bila kizuizi. Hakuna mpaka, anasema. Hakuna aliyeuona. Mama ni mzee na macho hayaoni, atakuwa anakumbuka shamba la kwao Kisegi.

Hilo la Kisegi ndilo lililonifanya nitupe kikombe ukutani. Lakini kikombe si ushahidi. Nikakumbuka kamera.

Mnaijua ile kamera yangu nyeusi. Hapa Migori kazi yangu ni kuwaandikia watu barua na malalamiko ya kupeleka ofisini, na mara nyingi nalazimika kupiga picha za ukuta ulioanguka au hati iliyoliwa na panya. Kwenye mazishi ya Baba nilipiga picha siku nzima. Sikuzihamisha popote. Nilizika, nikalia, nikarudi kazini, nikaendelea kutumia kadi ileile kwa kuwa ni kubwa na haikuwa imejaa. Mimi ninayewafokea wateja wangu kila siku watengeneze nakala ya kila karatasi, sikuwa na nakala moja ya picha za mazishi ya baba yangu. Siku nilipoteleza kwenye ngazi za soko kamera ilikuwa mkononi, na tuliteremka pamoja. Mguu umevunjika mahali pamoja, kamera mahali pengi. Haiwaki. Kilichopona, au nilichotumaini kimepona, ni kadi.

Robi, mweleze Mama kwamba kadi hii si ile ndogo ya simu. Ni pana kama kidole gumba, haiingii kwenye simu yoyote. Ili kuisoma unaiweka kwenye kifaa kidogo kama kiberiti, kisoma-kadi, chenye waya unaochomekwa kwenye kompyuta. Kompyuta inapaswa kuipokea kadi na kuipachika mahali pake, halafu picha unaziona. Kazi ya dakika moja. Mimi ilinichukua Jumatatu hadi Ijumaa.

Jumatatu nikachomeka. Kitaa chekundu cha kisoma-kadi kikawaka. Kwenye kioo cha kompyuta hakikutokea kitu. Nikachomoa, nikapangusa, nikachomeka upande wa pili. Kitaa kikawaka tena, na kioo kikabaki vilevile. Jumanne ikaenda hivyohivyo.

Hapa lazima niseme kuhusu kompyuta yangu, kwa sababu Omondi ana hotuba juu yake. Haitumii ile programu ya dirisha inayouzwa. Inatumia Linux, ambayo wameiandika watu wengi wasiojuana na kuiachia dunia nzima bure. Naitumia tangu nywele zangu zote zilipokuwa nyeusi. Omondi huiita kompyuta ya maskini. “Kitu cha bure ni cha bure,” ananiambia kila tukikutana, kana kwamba hewa anayoivutia maneno hayo aliinunua Mbita. Naipenda kwa sababu moja: ikishindwa, haikufichi. Unaiuliza kwa maandishi, inakujibu kwa maandishi, na ukiwa na subira unafika kwenye kosa lenyewe. Ukiwa na subira. Kumbuka neno hilo, Mama, maana unamjua binti yako.

Jumatano nikaanza kuiuliza. Je, umekiona kifaa nilichochomeka? Ikajibu, nimekiona, nacho ni kisoma-kadi. Moyo ukatulia kidogo. Nikaiamuru ipachike kadi. Ikajibu kwa mstari mmoja, na mstari ule ulinipiga kama kofi: ndani ya kifaa hamna kadi.

Hamna kadi! Na mimi naiona kwa macho yangu, mgongo wake wa buluu umechomoza. Nikarudia. Hamna. Nikarudia mara ngapi sijui, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Nikaona jambo baya sana, Mama, kwamba mashine yangu mwenyewe inasema maneno ya Omondi.

Kichwa kikapata moto. Nikakumbuka kwamba jioni ya mazishi Omondi alikaa na kamera yangu mapajani akiangalia picha. Nikampigia simu.

“Wewe ndiye uliyefuta,” nikamwambia, hata salamu hapana.

“Kufuta nini?”

“Picha za mazishi. Kadi haisomeki. Ulikuwa na kamera yangu jioni nzima.”

Akacheka. Mnakijua kicheko chake, kile cha puani. “Akoth, wiki jana ulisema uko na picha. Leo unasema nimefuta. Dada yangu, chagua uongo moja ukae nayo.”

“Umeng'oa mkonge wa Baba!”

“Mkonge gani? Hiyo ndiyo shida ya kompyuta ya bure, inakuonyesha mambo haiko. Kadi yako haina kitu, na pale chini hapajawahi kuwa na mkonge.” Akakata.

Alhamisi asubuhi nikachukua magongo yangu mawili na kadi ndani ya sidiria, nikaenda kwa fundi Marwa. Ana duka la kompyuta karibu na stendi, mtu wa Kuria, Msabato wa kweli, mkono wake mwepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Akaiingiza kadi kwenye kisoma-kadi chake cha mezani, mashine yake ikafikiri, kisha kisanduku kikatokea katikati ya kioo.

“Madam Akoth, hii imekufa. Mashine inasema tuiformat. Tukiformat itafufuka, itakuwa mpya kabisa.”

“Na picha?”

“Picha zitaenda. Lakini kadi utakuwa nayo.”

“Marwa, mimi nimekuja na magongo kutoka kule juu ili niwe na kadi?”

“Si ni kadi mzuri? Iko na nafasi kubwa.” Na Mama, kidole chake kilikuwa tayari kimelala juu ya kitufe. Kwake yeye ni jambo la kila siku, watu humletea kadi za nyimbo na sinema, anafuta, wanashukuru. Kilichokuwa chini ya kidole kile kilikuwa shamba lako.

“Toa kidole.”

“Si nimeweka tu hapa…”

“Toa kidole hapo, la sivyo nitakupiga na hili gongo mbele ya wateja wako, na Sabato utaenda kanisani umefungwa kichwa.”

Akatoa. Wateja wakacheka, mmoja akasema, “Fundi, leo umepatana na Mjaluo wa vitabu.” Nilichukua kadi yangu nikatoka. Sasa nakuuliza, Omondi, wewe unayeketi hapo. Mashine ya Marwa ni ya kununua, programu yake ni ya kununua, na ushauri wake wa kwanza ulikuwa kufuta kila kitu. Yangu ya bure ilisema tu haioni. Kati ya asiyeona akakiri, na asiyeona akataka kuteketeza, yupi ungemwachia nyumba yako?

Lakini bado sikuwa na picha, na Jumanne ilikuwa inakuja.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu Mama Gati, anayeuza mitumba chumba cha pili kutoka changu. Tangu nivunjike yeye ndiye anayenichotea maji. Ijumaa asubuhi aliingia na ndoo akanikuta nimekunja uso mbele ya mashine, akaweka ndoo chini, akashika kisoma-kadi na kukigeuza kama anayechagua blauzi.

“Hii kitu iko na midomo nne,” akasema.

“Ni kwa aina mbalimbali za kadi. Yangu inaingia huu mpana.”

“Sasa wewe unauliza mdomo gani?”

“Wa kwanza.”

“Huu mpana ndio wa kwanza?”

Nikakivuta kisoma-kadi, nikahesabu midomo.

“Mimi sijui kompyuta, hata simu yangu ni ya kubonyeza,” akasema Mama Gati. “Lakini mtu akikutafuta na anabisha kwangu, nitamwambia haupo. Na si uongo.”

Nikaiamuru mashine inipe orodha ya kila mahali panapoweza kuwekwa kitu, na safari hii nikaisoma hadi mstari wa mwisho. Mle ndani, kisoma-kadi kimoja kimeandikwa kama vifaa vinne, kila mdomo na jina lake. Wa kwanza, mtupu. Wa pili, mtupu. Wa tatu una kadi, na ukubwa wake umeandikwa pembeni. Wa nne, mtupu. Orodha hiyo ilikuwa mbele yangu tangu Jumatano. Flashi zangu zote za kazi huwa zinakaa kwenye jina la kwanza, kwa hiyo kwa mazoea nililiuliza hilo la kwanza tu na nikaacha kusoma.

Unakumbuka boma la Babu, Mama, lenye wake wengi. Mgeni wa kweli huingia langoni akafika kwanza kwa mikayi, mke mkubwa, kwa kuwa nyumba yake ndiyo inayotazama lango. Mimi nilifika kwa mikayi, nikaambiwa mgeni wako hajalala hapa, nikageuka nikaenda kutangaza sokoni kwamba boma zima halina mtu. Kumbe amelala kwa reru, mke wa tatu, tena anakoroma.

Kwa hiyo hili naliandika kwa herufi zinazosomeka. Omondi, kadi hukuifuta. Nilikusingizia, na nilikusingizia kwa sababu sikusoma orodha ya mistari minne. Naomba radhi mbele ya Mama na mbele ya mkeo. Umesikia? Sitairudia, kwa hiyo ishike vizuri. Kwa habari ya kadi nilikosa. Kwa habari ya mkonge, tulia, nakuja.

Nikaiamuru mashine ipachike kadi ya mdomo wa tatu. Sasa haikusema hamna. Ilisema kitu kingine: kadi naiona, ila mpangilio uliotumika kuhifadhi vitu ndani yake siufahamu. Mashine yangu ni ya zamani, kadi ni kubwa na ya kisasa, ni kama mtu anayejua kusoma akapewa maandishi ya Kiarabu. Lakini angalia tofauti. Juzi niliambiwa hamna. Leo naambiwa ipo, tatizo ni mimi sijui kuisoma. Hilo ni tatizo la kufundishika. Nikaunganisha simu, nikatumia bando langu lote la wiki, nikaiteremshia mashine kile kipande cha programu kinachoifundisha mpangilio huo. Mtandao ukawa unakwenda na kusimama. Mama Gati ameketi kitandani kwangu, hakuenda sokoni. Saa saba ikapita. Saa nane. Marwa hufunga duka Ijumaa kabla jua halijazama na Sabato hafungui hata ukimlilia, na mimi nilihitaji picha za karatasi, kwa sababu wazee hawatakubali kutazama kioo cha simu ya mtu.

Kabla ya kuamuru mara ya mwisho niliongeza neno moja: kusoma tu. Maana yake mashine iruhusiwe kutazama kila kitu kilichomo kwenye kadi, isiruhusiwe kuandika wala kufuta hata nukta. Kadi ilianguka na kamera ikiwa inawaka, sikutaka mtu aiguse, hata mimi. Natamani neno hilo lingekuwepo kwa wanadamu. Mtu arithi shamba la baba yake kwa kusoma tu, kwanza, mwaka mzima, kabla hajapewa ruhusa ya kuandika juu yake kwa plau.

Ikapachikwa. Picha zikamwagika kwenye kioo. Mama Gati akapiga kigelegele, mimi nikalia, halafu tukaanza kutafuta, na baada ya muda kidogo nikaacha kulia kwa sababu nyingine.

Mkonge haumo, Mama.

Nilizipitia moja moja. Unajua jinsi picha za msiba zinavyopigwa kwetu. Mshereheshaji ameshika kipaza sauti, anaita, watoto wa marehemu waje, wanasogea kwenye jeneza, picha. Wajukuu waje. Watu wa kwaya. Waliosoma na marehemu. Wote jeneza liko mbele na nyuma yao ukuta wa nyumba ya Baba na turubai. Uso wa kila mtu unatazama ziwani, na mgongo wa kila mtu uko bomani. Nilipiga picha siku nzima nikiwa nimeuelekezea mkonge kisogo changu. Omondi, wakati huo ungenipigia simu ungeshinda, ningekuambia sina kitu.

Mama Gati akasema, “Endelea. Si umesema kusoma mpaka mwisho?”

Karibu na mwisho nikafika kwa wakwe.

Mume wa dada yetu Awino, Owuor wa Ndhiwa, alikuja na watu wake wanane. Na Owuor ni mkwe mwenye adabu ya kizamani, hasogelei mlango wa mama mkwe wake hata kama nyumba inaungua. Jeneza lilikuwa limewekwa hatua chache kutoka mlangoni kwako, Mama. Wakaitwa, wakakataa. Owuor akasimama kule mbali na kofia mkononi, anatingisha kichwa. Mshereheshaji akabembeleza, wakakataa. Ndipo mtu mmoja akachukua kipaza sauti akasema, na sauti yake naisikia hadi leo: “Wakwe wetu msione haya, tutawafuata. Shukeni kule chini kwenye mkonge, dada yangu atawapigia huko.”

Mtu huyo ni nani, Omondi?

Ulishuka nao mwenyewe. Uliwapanga kwa urefu. Mimi nikashuka na kamera nikanung'unika kwa sababu jua lilikuwa usoni. Picha hiyo ipo. Watu tisa wa Ndhiwa wamesimama mstari mmoja, na nyuma yao umesimama mstari mwingine, mkonge wa Baba, majani yamechongoka, kutoka kwenye jiwe kubwa hadi unapoingia ziwani. Nyuma ya mkonge unaonekana mtama wako, Mama, umeshaanza kuinama. Na pembeni umo wewe, Omondi, shati jeupe, mkono umeunyoosha ukimwambia mtu asogee. Koti hukuvaa. Kulikuwa na joto, ukalivua, ukalitundika kwenye jani la mkonge.

Mama Gati akanibebea kompyuta, nikafika kwa Marwa amekwisha kuteremsha nusu ya mlango wa bati. “Madam, jua linaniita,” akasema. Nikamwekea kioo mbele ya uso. Akatazama, akatazama kadi, akapandisha mlango tena. “Hiyo ndiyo nilitaka kufuta?” Alitoa nakala tatu kwa wino mzito, ukubwa wa karatasi ya ofisi, akakubali kwamba kisoma-kadi chake ni cha zamani na kadi kubwa humsumbua, na tulipomaliza jua lilikuwa limegusa paa la posho mill, kinu cha unga. Hajawahi kukimbia vile kwenda nyumbani.

Picha zote tatu zimo ndani ya bahasha hii. Moja ni yako, Mama, iweke chini ya godoro. Moja apewe naibu wa chifu Jumanne mkononi, si kupitia kwa mtu. Ya tatu ni ya Omondi. Kadi yenyewe inabaki kwangu, na nakala ziko mahali pawili, maana nimejifunza.

Salamu zangu zimfikie Waya Dorina, shangazi yetu, mwambie asikose Jumanne, yeye alishika kamba Baba alipokuwa anapanda. Salamu kwa mdogo wetu Ouma akirudi kutoka majini, nimemwekea viatu. Kwa mzee wa kanisa aliyemfanyia Baba maombi. Kwa Awino na Owuor, na mwambieni Owuor kwamba haya yake imetufaa kuliko ujasiri wa wengi. Wajukuu wote uwashike vichwa kwa niaba yangu. Mama, nakukumbatia. Usilie mbele ya Omondi, na Jumanne kaa kwenye kiti, si chini.

Sasa ninyi wawili.

Omondi, kaka yangu, sikupeleki polisi wala kortini. Nataka kesho Jumatatu asubuhi, kabla wazee hawajafika, uchukue picha yako, ushuke nayo hadi kwenye jiwe kubwa, na upande machipukizi ya mkonge mahali ulipong'oa yale ya Baba, kwa jembe la mkono, ukiifuata picha jani kwa jani hadi majini. Mtu wa pampu mwambie nyanya zinaishia hapo. Wazee wakifika Jumanne wakute umepanda, na hakuna mtu nje ya chumba hicho atakayejua kwamba uling'oa.

Na wewe, Robi, umesoma vizuri, nakushukuru. Jioni ile ya mazishi uliketi karibu na moto na sindano na uzi wa kahawia kwa sababu mweusi ulikuwa umeisha, unashona bega la koti la mumeo lililochanwa na mwiba, na ukasema kwa sauti, sote tukasikia, “Mkonge wa mzee hautaki kuguswa.” Weka barua hii chini. Ingia chumbani, toa lile koti, uliweke mapajani kwa Mama ili aupapase huo uzi kwa vidole vyake.

Mwanao,
Akoth